Jina Litolewalo na Adui

Mwanafunzi mpenzi, siku moja nilikuwa nikisahihisha insha za kidato cha pili katika shule moja ya Sirisia, upande wa magharibi wa Bungoma, mahali ambapo ardhi yaanza kupanda kuelekea Mlima Elgon na mpaka wa Uganda hauko mbali. Nilikuwa nimewaagiza wanafunzi waeleze mchezo wa kandanda uliochezwa Jumamosi iliyotangulia baina ya shule yetu na shule jirani. Kijana mmoja, mwenye mwandiko mzuri na bidii ya kusifiwa, aliianza insha yake kwa maneno haya: "Maadui zetu walifika saa nane, wakiwa wamejaa katika lori."

Nilimwita, nikamwuliza, "Mlinda lango wa hao maadui ni nani?"

Akajibu, "Ni mtoto wa mjomba, Mwalimu."

"Na baada ya mchezo ulikwenda wapi?"

"Nilikwenda kwao, Mwalimu. Shangazi alikuwa ametupikia."

"Basi ulikula chakula cha adui?"

Darasa zima lilicheka, naye akacheka pamoja nao. Lakini niliporudi nyumbani jioni ile, cheko lilikuwa limenitoka. Niliona kwamba kijana yule hakukosea peke yake. Watangazaji wa michezo hukosea vivyo hivyo, na waandishi wa magazeti, na wanasiasa jukwaani. Hata sisi walimu tunapoyatayarisha majadiliano ya shule hatusalimiki. Twalichukua neno la kwanza lijalo mdomoni kumtaja mtu wa upande wa pili, wala hatuulizi lina maana gani. Katika kurasa hizi nataka tuulize pamoja, kwa sababu kila neno la namna hii hubeba amri ndani yake: humwambia asikiaye amtendee nini mtu aliyetajwa.

Tuanze na neno adui. Neno hili lilikuja kwetu kutoka Kiarabu, na katika lugha ile shina lake lina maana ya kupita mbio, kuvuka, na kukiuka mpaka. Kiswahili kilipokea jamaa nzima ya neno hilo. Tuna adawa, maana yake uadui. Tena tuna kitenzi taadi, yaani kuvuka mpaka wa haki na kufanya ushari. Kwa asili yake, basi, adui ni mtu aliyeuvuka mpaka akaja kukudhuru. Mtu wa namna hiyo hujadiliani naye wala hushindani naye kwa mpira. Wamzuia au wamwangamiza. Hiyo ndiyo amri iliyomo katika neno adui.

Hata hivyo sarufi yetu inalo jambo la ajabu kuhusu neno hili. Twasema adui yangu na adui zangu, kama tusemavyo ndugu yangu, rafiki yangu, jirani yangu na shemeji yangu. Neno adui limeketi katika safu moja na majina ya watu walio karibu nasi. Sisemi kwamba lugha ilikusudia kutufundisha jambo, kwa maana lugha haikusudii. Lakini mwenye kufikiri aweza kupata fundisho hapo. Watu wa mbali hawatugusi. Anayeweza kuwa adui wa mtu ni yule aliye karibu kiasi cha kuweza kuwa rafiki yake. Ndiyo maana wazee walituachia methali isemayo: Adui aangukapo, mnyanyue.

Neno la pili ni hasimu, nalo pia asili yake ni Kiarabu. Huko kwao humtaja mtu mnayeshitakiana naye mbele ya kadhi. Na kutokana nalo tumepata uhasama na husuma. Kama umesoma Kusadikika, kitabu cha Shaaban Robert kilichotolewa mwaka 1951, utakumbuka jinsi Karama alivyosimama mbele ya mfalme akishitakiwa na waziri Majivuno. Hapo neno hasimu lina makao yake kamili. Majivuno ni hasimu wa Karama, na Karama hakumjibu kwa rungu, alimjibu kwa hoja. Amri ya neno hasimu ni hii: mpeleke barazani, useme naye asema, na mwingine aamue. Ni neno kali, lakini lina sheria ndani yake.

Maneno mawili yaliyosalia ni ya Kibantu, nayo yametengenezwa kwa vitenzi tunavyovitumia kila siku. Mshindani ametokana na shinda kwa njia ya shindana. Tazama ile silabi na katikati: ndiyo ituonyeshayo kwamba kitendo kinatendwa na wawili, kila mmoja kwa mwenzake. Mtu hawezi kuwa mshindani peke yake. Ukimwondoa mwenzako uwanjani, hukushinda. Umebaki umesimama pekee yako na mpira. Amri ya neno mshindani ni kukimbia zaidi, kusoma zaidi, kujitahidi zaidi; wala haimtaki mwenzako atoweke, bali yamhitaji awepo.

Mpinzani ametokana na pinga, na ile sauti ya g imegeuka z, kama ilivyogeuka jenga ilipozaa mjenzi, na tunga ilipozaa mtunzi. Kupinga ni kuweka kitu kukingama mbele ya kingine ili kisipite. Humo ndimo zilimotoka pingu za mikono na pingamizi za kila namna. Mpinzani, basi, ni mtu aliyejiweka njiani. Huenda amejiweka njiani kwa ubaya. Huenda amejiweka njiani kwa sababu mbele kuna shimo ambalo wewe hujaliona. Amri ya neno hili ni kusimama na kusikiliza kabla ya kupita.

Angalia tena kwamba mshindani na mpinzani ni majina ya kitendo. Humtaja mtu kwa alitendalo leo, na kesho aweza kutenda jingine. Mfano wa jambo hili hauko mbali nasi. Mwaka 1997 Michael Wamalwa, mbunge wa Saboti kule Kitale, aligombea urais wa Kenya akishindana na Mwai Kibaki, na wote wawili wakashindwa na Daniel arap Moi. Mwezi wa Januari mwaka 2003 Kibaki alikuwa Rais, na Makamu wake alikuwa Wamalwa huyo huyo. Kama watu hao wangalikuwa maadui kwa maana kamili ya neno, mambo hayo yasingaliwezekana. Walikuwa washindani, na ushindani ulipokwisha, watu walibaki.

Adui naye je? Neno hili lina kazi yake, wala sitaki ulitupe. Wakati wa kupata uhuru, Julius Nyerere wa Tanganyika alizoea kusema kwamba nchi yake ina maadui watatu: ujinga, umaskini na maradhi. Alilitumia neno mahali pake hasa, kwa maana maadui hao wanastahili kuangamizwa, na hakuna mama atakayewalilia. Taabu huanza neno hilo linapohamishwa kutoka kwa maradhi likawekwa juu ya mtoto wa mjomba.

Taabu huwa kubwa zaidi neno la uadui linapoacha kuwa neno la siku moja likawa jina la watu, likaandikwa katika ramani na vitabu vya serikali, na watoto wakazaliwa wakalikuta. Jambo hilo lilitukia hapa petu. Yamkini babu yako alilijua jina la Kitosh.

Kwa miaka mingi Wabukusu, walio wengi katika nchi hii ya Sirisia, hawakujulikana kwa wageni kwa jina lao wenyewe. Wao hujiita Babukusu, kwa jina la babu yao Mubukusu. Lakini majirani zao wa lugha za Kikalenjin, waliopigana nao mara nyingi juu ya ng'ombe na malisho, waliwaita Kitosh. Maana itajwayo sana ya jina hilo ni watu wa kutisha. Wako pia wasemao kwamba maana yake ni maadui. Vyovyote iwavyo, jambo moja ni dhahiri: jina hilo lilibuniwa na mtu aliyekuwa upande wa pili wa mkuki.

Sasa jina la namna hiyo lawezaje kuwa jina rasmi? Njia yake ni nyepesi mno. Msafiri anatoka mashariki, anapiga kambi kwa watu wa kwanza, anawauliza, "Huko mbele wanakaa nani?" Wale watu wanamjibu kwa neno walilonalo, na kama jana walipigana na hao wa mbele, neno walilonalo ni neno la vita. Msafiri analitia katika daftari yake. Anapofika kwa wenyewe, hawaulizi tena jina lao, maana anadhani amekwisha kulijua.

Wala tusiseme kwamba kosa hilo lilifanywa na Wazungu peke yao. Misafara ya biashara kutoka Pwani ilifika pande za Elgon katika karne ya 19 ikitafuta pembe za ndovu, nayo ililitumia jina la Kitosh. Joseph Thomson, Mskoti aliyepita huku mwaka 1883, alisafiri pamoja na mfanyabiashara wa Pangani aliyejulikana kama Jumbe Kimameta, na wapagazi wake wengi walikuwa watu wa Pwani. Basi Kiswahili, lugha hii tunayoipenda na kuitumia hapa, kilikuwa mojawapo ya vyombo vilivyolibeba jina la uadui kutoka mdomo mmoja hadi mwingine. Mwaka 1895 jeshi la Waingereza, likiongozwa na Charles Hobley pamoja na wenzake, lilipowashambulia Wabukusu katika ngome za Lumboka na Chetambe, taarifa zao ziliandika kwamba wanapigana na Kitosh. Serikali iliposimamishwa, jina likaingia katika majina ya lokesheni. Mtu alilipa kodi akiitwa kwa neno alilotungiwa na mpiganaji wa upande mwingine.

Wazee wa Kibukusu hawakulikubali. Waliteta, wakaendelea kuteta, hata katikati ya miaka ya 1950 jina la Kitosh likaondolewa rasmi, na mahali pake pakaandikwa Bukusu. Hawakuwa peke yao katika jambo hili. Wapokot, majirani wa Kitale upande wa Kapenguria, waliitwa Suk katika vitabu vya serikali, na Wakipsigis waliitwa Lumbwa. Majina hayo yote mawili hayakuwa yao, nayo yameondoka. Watu waliokuwa wakiitwa na wageni wasemaji wa Kinandi walijichagulia jina jipya katika miaka ya 1940: Kalenjin, maana yake nakwambia. Tazama tofauti hiyo, msomaji. Jina lililotoka nje lasema, "Mwogope huyu." Jina lililotoka ndani lasema, "Nina neno la kukwambia."

Hata katika nchi za mbali jambo hili linajulikana. Wako watu katika kisiwa cha Uingereza wanaojiita Cymry, jina ambalo asili yake ni watu wa nchi moja, wenzetu. Lakini dunia nzima huiita nchi yao Wales, kwa neno la kale la Waingereza lililokuwa na maana ya wageni. Wageni katika nchi yao wenyewe! Sisi twaweza kushukuru kwamba wazee wetu waliteta mapema.

Hapa huenda mwanafunzi mmoja akainua mkono akasema, "Mwalimu, kuitwa watu wa kutisha si matusi. Ni sifa. Laonyesha kwamba babu zetu walikuwa mashujaa." Nimelisikia jibu hilo, nami nakiri kwamba lina utamu wake. Lakini lipime. Mtu akutishaye hutamwalika arusini, hutampa binti yako, hutamkopesha jembe, na siku atakapougua hutakwenda kumjulia hali. Sifa ya kutisha ni sifa ya mtu asiye na jirani. Wazee walioteta hawakuwa waoga, wala hawakuwa wamesahau vita vya Chetambe. Walikuwa wameelewa kwamba watu hawawezi kukaa kwa amani na majirani huku wakiitwa kila siku kwa neno la vita.

Tena haki yatutaka tujitazame na sisi. Wabukusu nao waliwaita majirani zao wa mlimani Barwa, jina ambalo wenyewe hawajiiti. Kila kabila lina kapu la majina ya namna hii, nalo huwekwa chini ya kitanda, na mgeni akija hufunikwa. Anayelalamika kwa sababu ya jina alilopewa hana budi kulifunua pia kapu lake mwenyewe.

Haya si mambo ya kale tu. Nilipokuwa mvulana wa shule, mwaka 2006, mapigano yalizuka katika Mlima Elgon kwa sababu ya ugawaji wa mashamba ya Chepyuk, wala hayakutulia mpaka jeshi lilipoingia mwezi wa Machi mwaka 2008. Mamia ya watu walikufa na maelfu walikimbia makwao, wengi wakiteremka kuja pande hizi za chini. Katika darasa letu tuliketi watatu katika dawati la wawili. Nakumbuka kijana mmoja aliyekuja na shati moja na daftari moja. Kabla hatujamwuliza jina lake, mmoja wetu alimwuliza, "Wewe ni wa upande gani?" Hakujibu. Aliinamisha kichwa, akaandika tarehe katika daftari yake. Baadaye nilipata kujua kwamba ugomvi ule mwanzoni ulikuwa hasa baina ya watu wa lugha moja, Wasabaot kwa Wasabaot. Watu waliosalimiana kwa maneno yale yale walikuwa wamepata maneno mengine ya kuitana.

Mwaka 2022, nchi ilipokuwa ikijiandaa kwa uchaguzi mkuu, Tume ya Kitaifa ya Uwiano na Utangamano ilitangaza orodha ya maneno yanayochochea chuki. Miongoni mwake yalikuwamo madoadoa na kwekwe. Ukiyatazama peke yake, maneno hayo hayana hatia: doa liko katika nguo, na kwekwe iko katika shamba la mahindi. Lakini jiulize, mtu hufanya nini akiona doa? Hulifua litoke. Mkulima hufanya nini akiona kwekwe? Huing'oa. Basi mwenye kuwaita jirani zake kwekwe amekwisha kutoa amri, ijapokuwa hajalitaja jembe. Ndiyo maana nilisema mwanzoni kwamba neno hubeba amri ndani yake. Neno hutangulia, na mikono huja nyuma yake.

Sitaki kukuacha katika giza hilo, maana lugha yetu ina dawa pia. Nchini Tanzania, klabu za Simba na Yanga zapingana kwa nguvu kuliko klabu zote, na mashabiki huziita watani wa jadi. Mtani ni mtu ambaye una ruhusa ya kumcheka na kumtania hata msibani kwake, naye asikasirike. Na makabila mengine yaliyopigana zamani, kama Wangoni na Wahehe, yaligeuza vita vyao kuwa utani. Hapa Kenya, AFC Leopards, iliyoanzishwa mwaka 1964 na kupendwa sana na Waluhya, ikikutana na Gor Mahia, iliyoanzishwa mwaka 1968 na kupendwa sana na Wajaluo, watu hawasemi ni vita vya maadui. Husema ni mchezo wa mashemeji, kwa sababu Waluhya na Wajaluo wameoana tangu zamani. Hapana shaka mashemeji hao wamewahi kurushiana mawe uwanjani. Jina jema halimzuii kila mpumbavu. Lakini arushaye jiwe katika mchezo wa mashemeji ajua kwamba amevunja jambo. Arushaye jiwe katika mchezo wa maadui hudhani kwamba ametimiza wajibu.

Basi, mwanafunzi mpenzi, utakapoandika juu ya mtu wa upande wa pili, simamisha kalamu yako kidogo. Kama mnakimbia mbio moja, mwite mshindani. Kama amesimama mbele ya shauri lako, mwite mpinzani, umsikilize. Kama mna kesi, mwite hasimu, mwende barazani. Neno adui liwekee ujinga na maradhi, au mtu aliyeuvuka mpaka kweli akiwa na panga mkononi. Na kama utataja kabila la watu, waulize kwanza wenyewe wanajiitaje.

Yule kijana wangu alilichukua daftari lake akaenda kusahihisha. Alipolirudisha asubuhi yake, niliona amelikata neno maadui kwa mstari mmoja ulionyoka. Juu yake hakuandika washindani, kama nilivyotazamia. Aliandika: "Watoto wa mjomba walifika saa nane, wakiwa wamejaa katika lori, wakatufunga mabao mawili kwa moja." Nilimpa alama zote za sentensi ile.